Betri Nne kwa Sambamba

SIKU MOJA KABLA, ALASIRI

Waya alimwaga betri mezani. Zikaviringika, moja ikakimbilia ukingoni, na Bubu akaidaka kwa kiganja bila hata kuitazama.

"Usizichezee," Waya akasema. "Hizo zimeshiba."

Chumba kilikuwa nyuma ya kibanda chake cha kutengeneza redio na tochi. Dirisha moja, limezibwa kwa boksi. Feni ya mezani isiyo na kizuizi ilikuwa ikizunguka, ikisambaza harufu ya risasi ya kulehemu. Watu wanne, hewa ya watu wawili.

Shemeji alikalia kiti pekee chenye mgongo. Wote pale walimwita Shemeji, lakini alikuwa shemeji wa kweli wa Waya: amemwoa dada yake mkubwa. Mwanaume safi wa kucha, mpole wa sauti. Zamani alinunua vito mlangoni mwa mgodi, mpaka kampuni ilipomfukuza kama mbwa. Bubu alikuwa na ulimi mzima, ila aliutumia kwa nadra. Bastola ilikuwa yake. Wa nne alikuwa Chepe, mdogo wake Waya, mchimbaji aliyetoka mgodini na kifua kibovu na njia zote za chini kichwani.

"Rudia," Shemeji akamwambia.

Chepe akameza mate. "King'ora cha kwanza, wachimbaji wote wanapanda juu. Cha pili, umeme unakatwa kule chini. Cha tatu, wanalipua baruti. Kati ya cha pili na cha tatu ni giza tupu, na kwenye ukumbi wa chini wanabaki walinzi wawili tu na sanduku la vito. Wana taa za kofia, basi."

"Na sisi?"

"Handaki la zamani, upande wa korongo. Walilifunga dari lilipoanza kumong'onyoka. Katikati kuna shimo la kwenda chini mpaka majini, tunalivuka kwa ubao. Mbele yake kuna tundu ukutani. Ukipenya hapo uko mgongoni mwa walinzi." Akakohoa, akafuta mdomo kwa mkono wa shati. "Njiani kuna matawi mengi. Tutachora chaki kila njia panda. Na humo ndani mtu asipige risasi. Dari litatushukia wote."

Alimtazama Bubu aliposema hivyo. Bubu akaitikia kwa kichwa.

Shemeji akamgeukia Waya. "Haya, shemeji yangu. Nieleze kama unamweleza mtoto."

Waya akachukua tochi kubwa, bomba la alumini refu kama mkono wa mtoto. "Hii ni ya kupofusha. Betri nne kwa mfululizo, mkia wa moja unagusa kichwa cha nyingine. Volti zinajumlishwa. Mtu akiipata usoni hatauona mkono wake mwenyewe kwa muda mzuri. Lakini inakula vibaya. Na betri zake ni kama watu waliofungwa kamba moja. Akichoka mmoja, wenzake wanamburuza. Kwa hiyo humu huchanganyi iliyoshiba na iliyochoka. Iliyochoka itasukumwa kinyumenyume, itashika moto, na bomba nimelifunga kwa mpira lisiingie maji. Gesi haina pa kutokea."

"Halafu?"

"Halafu umeshika bomu."

Shemeji akaitikia taratibu, kama mtu anayeambiwa kesho itanyesha. Akagusa zile mbili ndogo, nene, fupi. "Na hizi?"

"Za kutembelea. Nne pia, ila kwa sambamba. Zimesimama bega kwa bega, kila moja inailisha balbu kivyake. Volti ni zile zile za betri moja, chakula ndicho mara nne. Zinakwenda kutwa."

"Moja ikifa?"

"Hutajua hata. Zimebaki tatu."

"Zikifa tatu?"

"Itawaka vile vile. Ila itakufa mapema."

Alijibu akipangusa ncha ya chuma cha kulehemu, na moyoni alifurahi kidogo. Katika ukoo wote hakuna aliyewahi kumuuliza maswali mazuri namna ile kuhusu kazi yake.

"Kubwa nina seti moja tu ya betri zinazolingana," akaongeza. "Walinzi wakishafungwa, izime. Tutarudi kwa ndogo."

"Chepe moja, Bubu moja," Shemeji akasema.

"Chepe moja, mimi moja. Naingia."

Feni ikazunguka. Shemeji akakunja nne. "Hukuwa kwenye mpango, shemeji."

"Chepe akishikwa na kikohozi humo, nani atamsubiri? Wewe?"

Shemeji akatabasamu. Akazikusanya tochi zote tatu na kuzitia kwenye mfuko wa turubai. "Sawa. Ndugu kwa ndugu. Ila hizi zitalala kwangu. Hapa kibandani kwako wanaingia watu."

KING'ORA CHA KWANZA

Walikisikia kutoka mbali, ng'ambo ya kilima, kama ng'ombe anayelia chini ya ardhi.

Gari walilificha vichakani. Simu zote zilibaki nyumbani, kila mtu kwake. Chepe na Bubu waling'oa mbao za mlango wa handaki, na ubaridi wenye harufu ya udongo mbichi ukawapiga usoni.

Shemeji akagawa tochi. Waya aliipima yake mkononi. Uzito ule ule. Akabonyeza. Mwanga mweupe, uliokaza, ukafika mbali ndani ya mwamba. Akatosheka.

Wakaingia. Chepe mbele, tochi yake kwenye mwanga wa juu kabisa, maana ndiye aliyetakiwa kuona nguzo zilizooza. Waya nyuma yake, mwanga wa chini. Shemeji alichora chaki, kichwa cha mshale kikielekea walikotoka. Bubu alibeba ubao begani kama mtu aendaye kujenga.

Shimoni, Chepe akasimama. Mwanga wake ulishuka ndani na haukukuta kitu. Bubu akalaza ubao. Ulipinda, lakini ukashika. Walivuka mmoja mmoja bila neno, na Waya akavuka akiutazama mgongo wa mdogo wake, jinsi mbavu zilivyokuwa zikipanda na kushuka chini ya shati.

"Kifua?" akamnong'oneza.

"Kipo."

"Ukitoka hapa unakwenda hospitali. Hospitali ya kweli."

"Ndiyo maana nimeingia, dada."

KING'ORA CHA PILI

Taa za ukumbi zilizimika zote kwa mpigo. Walinzi wakaguna, kama watu waliozoea. Mwanga mdogo wa taa za kofia ukaanza kuyumba ukutani.

Shemeji akatoka kwenye tundu na kubonyeza.

Haukuwa mwanga, ulikuwa kofi. Ukumbi mzima ukawa mweupe, hata mishipa ya mwamba ikaonekana. Mlinzi kijana alijiziba macho akapiga magoti. Mzee alinyoosha mikono mbele kama anayetafuta mlango. Bubu alikuwa ameshafika, akazing'oa taa za kofia na kuziponda kwa kiatu.

"Chini. Chini, mzee, usinifanye nifanye jambo," Bubu akasema.

Waya aliwafunga. Mikono yake ilizoea nyaya.

"Binti," mzee akasema, macho yamefumbwa, machozi yakimtoka. "Usikaze sana. Nina kisukari, miguu yangu haina damu."

Akalegeza. Hakujua kwa nini. Labda ile "binti".

"Zima hiyo kubwa," akamwambia Shemeji. "Inatosha."

"Nataka waendelee kuona nyota."

"Itakuishia."

"Ni yangu kuishiwa."

Bubu akalikumbatia sanduku, akagumia, akaliinua. Shemeji alitangulia, Bubu nyuma yake. Walikwenda haraka mno. Waya alifikiri ni woga. Kazi ikishafanyika miguu ya kila mtu hutaka nje.

KATI YA CHA PILI NA CHA TATU

Tochi ya Chepe ilianza kufifia walipopita nguzo za kwanza.

Akaitikisa. Mwanga ukawa wa maziwa, kisha wa majivu, kisha hakuna. Chepe akasimama palepale, akishika ukuta, na kikohozi kikamkamata kama kilikuwa kinamsubiri gizani.

"Haiwezekani," Waya akasema. "Hiyo ni ya kutwa."

Aliichukua na kuifungua mkia akiwa amebana yake kwapani. Betri ya kwanza ikamtelezea kiganjani, ya moto kidogo. Ya pili haikuwa betri. Ilikuwa kipande cha bomba jembamba, kimekatwa kwa msumeno urefu ule ule, kimejazwa udongo, kimeviringishwa utepe mweusi wa umeme. Ya tatu vile vile. Ya nne vile vile. Mtu alikaa akavipima kwa mizani mpaka vikalingana na betri.

Hakukuwa na haja ya kufungua yake. Alifungua hata hivyo, kwa haraka, mwanga ukazimika na kurudi. Bomba, bomba, bomba, betri moja.

"Nini?" Chepe akauliza kati ya kikohozi.

"Katuzika," Waya akasema. "Katuzika tukiwa tunatembea."

Walikimbia, kama kukokotana kunaitwa kukimbia. Walipofika shimoni, ubao ulikuwa upande wa pili, umeegemezwa ukutani. Na upande huo huo, hatua chache kutoka ukingoni, Shemeji alikuwa amechuchumaa. Tochi kubwa ilikuwa inatoa mwanga mwekundu wa kufa. Kwenye kifuniko cha sanduku alikuwa ameweka mfuko wa turubai.

Alipoona mwanga wa Waya alishtuka, kisha sauti yake ikarudia upole wake.

"Shemeji. Mmechelewa."

"Weka ubao."

"Nabadilisha betri kwanza. Bila hii sisi wote hatutoki."

"Betri zangu, hizo."

"Ndiyo. Sita." Hakuona haya. "Sikutaka wewe uje. Nilikuambia hukuwa kwenye mpango."

"Na Chepe alikuwepo?"

Bubu alikuwa anatazama chini. Waya akajua kwamba Bubu alijua, na kwamba hakulala vizuri kwa ajili hiyo, na kwamba haikubadili kitu.

Shemeji akafungua tochi kubwa akaimimina. Betri nne zilizochoka zikaanguka kwenye kifuniko. Mwanga wake ukafa, akabaki na ule wa Waya tu, uliokuja kutoka ng'ambo ya shimo. Akapapasa mfuko, akatoa nyingine. Kiwiko cha Bubu kikaukumba mfuko. Zote zikaviringika, zikadondoka kwenye vumbi, zilizoshiba na zilizochoka, zote za rangi moja, zote za umbo moja.

"Mulika huku, shemeji," Shemeji akasema. "Nimalize nikuwekee ubao."

Waya aliona vidole vyake vikiokota. Moja. Nyingine. Hakukuwa na mtu duniani ambaye angeweza kuzitofautisha kwa macho. Hata yeye. Kinywa chake kilifunguka. Neno lilikuwa pale, jepesi, alikwisha kulisema jana akiwa amekaa: huchanganyi. Alimsikia Chepe nyuma yake akivuta hewa kama mtu anayenyonya kitambaa.

Akafunga kinywa. Akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto ili mwanga usitikisike.

Shemeji akafunga mkia wa bomba, akakaza, akabonyeza. Ukatoka mwanga mkali, mzuri, ukamjaza Waya usoni. Hakuona kitu. Alisikia tu. Shemeji alicheka kidogo, akasema, "Sasa..." akageuka na kuanza kuondoka. Nyayo za Bubu zikamfuata. Ubao haukuguswa.

Kisha sauti kama chupa kubwa ya gesi inayofunguliwa. Kisha Shemeji akasema, "Inachoma," kwa mshangao, kama mtoto. Kisha mlio.

Haukuwa mkubwa kama wa baruti. Ulikuwa mkavu, wa chuma. Changarawe zikamwagika kutoka darini, harufu tamu ya kemikali ikajaa handaki, na Shemeji akaanza kupiga kelele.

Waya alipopata kuona tena, tochi yake ilikuwa imeshuka nusu. Ng'ambo kulikuwa na moshi mweupe. Bubu akajitokeza ndani yake akitambaa, macho yamefumbwa, mkono mmoja mbele.

"Waya," akaita. Hakuwa amewahi kumwita jina. "Waya, sioni."

"Nasikia."

"Yeye mkono wake... Mkono haupo. Uso pia." Akakohoa. "Sikiliza. Ubao ninao mimi. Taa unayo wewe. Nauweka, mnavuka, tunatoka wote. Zile chaki bila taa hazina maana."

"Tupa bastola shimoni."

Kisha kitu kikaruka, kikagonga ukuta wa shimo mara mbili, kikaingia majini.

Waya aligeuka kumtazama mdogo wake.

"Ni bastola ile?" akanong'ona.

"Au jiwe," Chepe akasema. "Mawe humo ndiyo yaliyo tele." Alikuwa ameketi, midomo imebadilika rangi. "Dada, kutoka hapa kwenda nje ni mbali. Kurudi ukumbini ni karibu. Hiyo taa yako itafika ukumbini. Nje haifiki."

"Ukumbini kuna jela."

"Kuna hewa."

Ng'ambo, ubao ulikuwa unakwaruza mwamba. Bubu alikuwa akiusukuma kwa kukisia, ncha yake ikipapasa hewani, ikikosa ukingo, ikirudi. "Mulika, basi," akasema. "Mulika nione angalau kivuli." Na nyuma yake Shemeji aliacha kupiga kelele, akaanza kuita. Hakuita kwa hasira. Aliita kama anavyoita mtu aliye mlangoni asiyefunguliwa.

"Shemeji. Shemeji. Uko wapi, shemeji yangu?"

Waya akampitishia Chepe mkono kwapani, akamwinua. Mwanga ukageuka nao. Nyuma yao kukawa kama kwamba hakujawahi kuwa na kitu. Bubu alilitaja jina la Waya mara kadhaa zaidi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayefanya mapatano na nafsi yake. Shemeji aliendelea kuita mpaka walipopinda.

KING'ORA CHA TATU

Kililia walipokuwa wanapenya tundu. Tochi ilikwishakuwa nuru ya kiberiti.

Waya aliwafungua walinzi kwa kupapasa. Kijana alimpiga ngumi mara tu mikono yake ilipokuwa huru, na yeye akaipokea. Mzee akasema, "Muache. Laleni chini wote, midomo wazi."

Walilala. Mwamba ulipumua, ukajikaza, ukapiga. Vumbi likaja, na baada ya vumbi, kutoka upande wa handaki la zamani, sauti nyingine, ndefu, ya kitu kizito kinachokaa chini taratibu na hakina nia ya kuinuka tena.

BAADA

Kampuni ilichimba. Walimkuta Bubu amelalia sanduku. Walipolipata sanduku wakaacha kuchimba, wakaziba mlango wa korongo kwa zege.

Dada yake Waya alikuja jela siku ya wageni. Chumba kilikuwa na meza ndefu na ukanda wa waya wa kuku katikati. Alivaa nguo ya kawaida. Hakuwa amejua avae nini, kwa sababu hakuna aliyemwambia rasmi kama ni mjane.

"Chepe wamemlaza hospitali ya gereza," akasema. "Wamempa hewa ya mtungi. Jana alikula."

"Afadhali."

"Kaniambia habari ya vile vipande. Vya bomba."

Waya akatazama meza.

"Lilikuwa bomba la pazia la chumbani kwangu," dada akasema. "Nilirudi sokoni nikakuta pazia liko kitandani, limekunjwa vizuri. Akaniambia anakwenda kuninunulia bomba zuri zaidi, la rangi ya dhahabu. Nikamshukuru. Usiku ule nilimpikia."

Aliisema kwa sauti kavu, akitazama mikono yake. Kisha akainua macho.

"Mlipogeuka, alikuwa hai?"

Waya alifikiria kudanganya. Lilikuwa jambo rahisi, na askari aliyesimama ukutani alikuwa anasinzia.

"Alikuwa hai."

"Anasema?"

"Anaita."

"Na taa ilikuwa mkononi mwako."

"Ilikuwa mkononi mwangu, dada. Isingefika nje. Chepe alikuwa anakufa."

"Najua alikuwa anakufa. Ni mdogo wangu pia." Dada akasogeza kiti nyuma. "Najua na alichotaka kuwafanyia. Nayajua yote, na bado watoto wananiuliza baba amezikwa wapi. Niwapeleke kwenye zege?"

Dada aliingiza mkono kwenye kikapu, akatoa sabuni mbili na kitambaa cha kujipangusia, akavipitisha chini ya ukanda wa waya wa kuku, kimoja kimoja. Akasimama.

"Muda haujaisha, mama," askari akasema.

"Wangu umeisha." Akafunga kikapu. "Chepe nitamhangaikia mpaka apone au afe. Nitakuwa naleta na dawa. Wewe nitakuletea sabuni, kwa sababu mama yetu angeniuliza. Lakini usikae ukingoja niketi tena hapa."

Alitoka bila kugeuka. Waya akabaki ameshika sabuni kwa mikono miwili mpaka askari alipokuja kumgusa bega.